Fyuzi Mfukoni mwa Mzee Mwakalinga

Ipo siku moja ya Usangu isiyonitoka kichwani, mwanangu, na kabla hujapanda basi la Uyole kesho nataka uichukue uende nayo. Nimekusikia ukizungumza kwa simu na mwenye mashine ya kusaga. Unakwenda kumfungia feni kubwa ya ukutani, ile ya mkanda, ya kutoa vumbi, naye anataka iwashwe Jumamosi mbele ya wageni. Ukamjibu "hamna shida, bosi" haraka mno. Ndiyo maana nimekuita ukae hapa jikoni kidogo.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa msichana pekee kwenye karakana ya Mzee Mwakalinga, fundi mitambo, Mnyakyusa mnene asiyejua haraka ni nini. Alikula polepole, akatembea polepole, na akishika spana ungedhani anaibembeleza ilale. Mimi nilikuwa moto. Nilitaka watu waseme yule binti wa Kihehe anajua kazi, na kusema kweli nilikuwa naijua.

Tuliitwa kufunga feni kwenye mashine ya kukoboa mpunga, huko bondeni Usangu. Mwenyewe alikuwa Mzee Masanja, Msukuma aliyehama na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akaupenda mpunga akabaki. Ndani ya jengo lile vumbi la pumba lilitanda kama ukungu wa asubuhi. Akina mama waliokuwa wakipepeta na kuchambua mchele walijifunga khanga puani, na bado walikohoa. Aliyekohoa kuliko wote ni Mama Seba, mama wa makamo, mcheshi sana, ambaye kikohozi kilimkatiza kila alipofika mahali pa kuchekesha. Feni ilikuwa inafungwa kwa ajili yao, na walijua.

Kazi ilikwenda vizuri. Tuliikaza fremu ukutani kwa bolti nene, tukaweka mipira chini ya mota ili mtetemo usije ukapasua ukuta. Puli ya mota na puli ya feni, yale magurudumu yanayopitiwa na mkanda, lazima zikae mstari mmoja, maana zikipishana mkanda unakwenda upande na kulika upesi. Mzee Mwakalinga alinipa uzi. Nikauvuta kutoka puli moja hadi nyingine, nikawa nasogeza mota kidogo kidogo mpaka uzi ukazigusa zote mbili bila kuacha mwanya. Mkanda nikaukaza, nikaubonyeza katikati kwa kidole gumba. Ukabonyea kidogo tu, haukulegea wala haukukakamaa. Mwisho tukaizungusha feni kwa mkono huku tumetega masikio, tusikie kama mapanga yanakwaruza popote. Hayakukwaruza. Mzee akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, na kutoka kwake hizo zilikuwa sifa nyingi. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Kilichobaki ni kuiwasha kwa majaribio, lakini umeme ukakatika. Ulikuja kurudi kesho yake, wageni wamekwisha kaa. Mzee Masanja alikuwa amechinja ng'ombe, ameita majirani na mwinjilisti wa Kilutheri aje kuiombea feni. Na akina mama wakafanya kile tunachomfanyia mtu aliyetutendea wema. Walikuja wanaimba, wamebeba kitenge kipya, wakaivisha feni. Mama Seba ndiye aliyekifunga, juu ya wavu wa chuma unaoukinga mkanda, kwa kifundo kizuri kana kwamba anampamba bibi harusi. Nani angeona ubaya hapo? Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele.

Mzee Mwakalinga hakupiga makofi. Alimnong'oneza Mzee Masanja asiguse kitufe mpaka aitwe, kisha akaenda kwenye swichi kubwa, akakata umeme, akachomoa fyuzi na kuzitia kwenye mfuko wa overoli. Akafunga kifungo. Nikamfuata mbio.

"Mzee, mwinjilisti anaanza kuomba. Zirudishe fyuzi, tutaonekana hatujui kazi."

"Acha tuonekane."

"Lakini feni iko sawa. Nimeipima mwenyewe."

"Feni iko sawa, Tumaini. Watu ndio bado sijawapima," akasema. "Ile nguo itoke, watu watoke, tuijaribu mimi na wewe. Wewe unatafuta sifa hapa. Mimi nataka kila aliyekuja na mikono miwili arudi nayo nyumbani."

Maneno yale yalinichoma. Nilinuna, nikaenda kusimama mbali naye.

Maombi yalikuwa marefu. Mwinjilisti aliombea feni, akaombea mpunga, akaombea mvua, na kwa kuwa nyama ilikuwa ya Mzee Masanja akaombea na ng'ombe waliobaki. Mzee Masanja alilengwa na machozi. Iliposemwa "amina" furaha ikamsahaulisha yote aliyoambiwa, akaenda moja kwa moja kubonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Watu wakaanza kutazamana, na huko nyuma mtu akacheka. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, nikajipenyeza upande wa pili wa feni nisionekane.

Hapo nikamkuta Mama Seba. Ncha ya kitenge ilikuwa imeponyoka kwenye kifundo ikaingia ndani ya wavu, naye hakutaka kitenge kipya kichafuliwe na grisi. Pembeni mwa wavu palikuwa na tundu lililoachwa kwa ajili ya kutilia grisi, na humo alikuwa ameingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Vidole vyake vilikuwa kati ya mkanda na puli.

"Nisaidie, binti," akasema huku anacheka. "Kimenasa huku."

Kitufe kilikuwa kimebonyezwa na yeye yuko vile vile, anavuta nguo yake, hana habari. Kitu pekee kilichomwachia mkono wake kilikuwa mfukoni mwa mzee niliyekuwa nimemnunia.

Mzee Mwakalinga alikuja, akaona, akashusha pumzi. Hakumgombeza mama, wala mimi. Alimsaidia kutoa mkono taratibu, akakifungua kitenge, akakikunguta na kumvika Mama Seba mabegani. "Kivae wewe, mama," akamwambia. "Feni haisikii baridi." Akina mama wakacheka, na Mama Seba akacheka mpaka akakohoa. Mimi nililia, mwanangu. Nililia mbele za watu na sikujali.

Baadaye watu wote walitolewa nje. Tukaziba lile tundu la wavu kwa bati, tukaizungusha tena kwa mkono, ndipo fyuzi zikarudi. Mzee akabonyeza kitufe akaachia hapo hapo, kuona feni inazunguka upande gani. Ikazunguka kinyume. Pumba zote zilizokuwa zimelala nje ya ukuta zikatujia usoni, tukawa weupe mimi na yeye kama wasaga unga. Sasa fikiria mwinjilisti angekuwa amesimama pale na kanzu yake. Fyuzi zikachomolewa tena, zikaenda mfukoni, tukabadilisha nyaya mbili za mota. Safari hii ilizunguka vizuri, vumbi likatoka nje, na Mzee Masanja akamshika mzee mikono yote miwili akisema "wabeja sana", asante ya Kisukuma, mpaka nikachoka kuhesabu. Ile nyama tuliila tumetulia. Sijala nyama tamu kama ile.

Mwaka juzi nilimwona Mama Seba sokoni Uyole. Kazeeka, kikohozi hana. Alikuwa amembeba kitukuu chake kwa mkono ule ule, na hakunikumbuka mpaka nilipomtajia kitenge. Nilimshika ule mkono muda mrefu kuliko ilivyo desturi.

Kwa hiyo, mwanangu, puli zako zipange kwa uzi, mkanda uupime kwa kidole, na baada ya siku chache za kazi rudi uukaze tena, maana mkanda mpya hulegea. Wavu usiondolewe hata kama mgeni anataka kuona mkanda unavyokimbia. Sherehe ni nzuri, lakini ije baada ya majaribio. Na kabla hujaingiza mkono, wewe au mtu mwingine yeyote, umeme uwe umekatwa na wewe ndiye umeshika kitu cha kuurudisha. Siku hizi swichi zenu zina mahali pa kufuli. Funga kufuli, ufunguo usimpe bosi wala rafiki. Wakikucheka kwamba unachelewesha mambo, acha uonekane hujui.

Lete overoli lako nikuoneshe. Jana nimekushonea mfuko kifuani, na nimeweka kifungo. Huo ni wa ufunguo tu, usije ukatia simu. Mungu akutangulie barabarani, aibariki kazi ya mikono yako na awalinde wote watakaosimama karibu nayo. Kisha akurudishe hapa Kihesa na vidole vyako vyote, maana viazi vya Jumapili utamenya wewe.