Karatasi Niliyoificha Kwenye Kopo la Chumvi

Akina mama wenzangu, mimi ni Mama Jillo wa Tarasaa, na naomba niseme mapema: nina wivu. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na bado nanusa shati la mume wangu kabla ya kulifua. Komora ni fundi wa pampu za maji. Hukaa kazini huko Chewele wiki mbili, na akirudi, kabla hajafika nyumbani hupitia kwa Hadija muuza maziwa. Pale hucheka. Kicheko kile kilinichoma roho.

Mwaka jana nilianza kuwashwa sehemu za siri. Nikatokwa na uchafu wa kijani wenye povu, na harufu ya kunitia aibu hata nikiwa peke yangu. Nikikojoa nachomeka kama nimepakwa pilipili. Muuguzi wa zahanati alinipima, akasema ni trikomona, ugonjwa wa zinaa unaotibika. Akanipa vidonge na karatasi ya kumwita mume wangu atibiwe pia, akatukataza kukutana mpaka wote wawili tupone.

Karatasi sikuifikisha. Niliizika ndani ya kopo la chumvi, iwe ushahidi siku nitakapomfumania. Nikameza vidonge vyangu, nikapona. Komora aliporudi sikumnyima, maana sikutaka ashtuke. Haukupita muda muwasho ukarudi. Nikatibiwa tena, ukarudi tena. Kila uliporudi nilisema moyoni, ametoka kwa Hadija huyo. Nikaacha kumsemesha.

Mwisho nilimfuata Hadija, nikamwambia aniachie mume wangu. Aliendelea kumimina maziwa.

"Mume yako anakunywa chai tu hapa," alisema. "Anasema nyumbani mama hasemi na yeye. Sasa anasema na mimi."

Niliona haya, lakini wivu haukupungua. Nikarudi zahanati. Muuguzi akaniuliza kama mume alipata karatasi yake. Nikamwambia iko kwenye kopo la chumvi. Hakucheka.

"Mama, unatibiwa peke yako, halafu unaufuata tena kitandani kwako."

Jioni ile nilimpa Komora karatasi. Aliisoma mara mbili, mpaka tarehe yake. Nilingoja akiri, au afoke.

"Miezi mitano umenihukumu kimya kimya," alisema. "Na mimi nikikuuliza wewe uliutoa wapi?"

Swali hilo sikuwahi kujiuliza.

Tulikwenda pamoja. Tukapimwa virusi vya ukimwi na kaswende pia. Hivyo vyote hatukuwa navyo. Muuguzi akasema trikomona yaweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili, hasa kwa mwanamume, kwa hiyo hakuna awezaye kutuambia nani aliileta, wala lini. Mimi nilitaka jina. Kulikosa kuliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Tulimeza dawa wakati mmoja, tukangoja, na nilipopimwa tena baada ya miezi mitatu nilikuwa nimepona.

Namshukuru Mungu, namshukuru muuguzi, hata Hadija namshukuru, ingawa maziwa nanunua kwingine. Dada yangu, ukipewa karatasi ya mwenzio, mpe siku hiyo hiyo, hata kama roho inawaka. Wivu bado ninao, na shati bado nanusa. Lakini kopo lile sasa lina chumvi tu.