Wadhifa Ambao Sikuutaja

Wiki ile nilikuwa sishikiki. Maombi yangu ya ruzuku ya serikali ya shirikisho ya Marekani, ya kutafiti sumukuvu kwenye mahindi, yalikuwa yamepitishwa na wapitiaji wote, na kilichobaki kilikuwa makaratasi. Miaka sita nimehangaika katika maabara za watu hapa Minneapolis; sasa nilikuwa nakaribia kupata yangu. Nilikuwa nikitembea kwenye theluji ya Roseville, kitongoji ninachoishi, huku nacheka peke yangu, na sikuona aibu.

Alhamisi asubuhi akanipigia simu dada wa ofisi ya ruzuku ya chuo ninachofanyia kazi, ambaye kazi yake ni kuhakikisha watafiti hawafichi uhusiano wao na taasisi za nje. Aliniuliza, kwa upole kabisa, kama kuna mtu mwingine mwenye jina langu na sura yangu. Kwenye tovuti ya chuo kimoja cha Tanzania nilikuwa nimeorodheshwa kuwa mhadhiri mgeni, picha na yote. Na kwenye fomu, pale wanapouliza una wadhifa gani nje ya Marekani, nilikuwa nimeandika "hakuna" na kutia saini.

Jamani, sikuwa nimekusudia kudanganya. Kila Jumamosi, saa moja asubuhi yangu na saa kumi jioni yao, nilikuwa nawafundisha kwa video wanafunzi wa mwalimu wangu wa zamani katika chuo hicho. Aliniomba, na mtu aliyekuonyesha darubini kwa mara ya kwanza humwambii una shughuli. Kwetu hilo halihesabiwi kuwa kazi. Ni kumsaidia Mwalimu. Naye, kwa kunienzi, akaniweka kwenye orodha yao bila kuniuliza.

Dada yule akanieleza kwamba kufundisha huko si kosa. Kosa ni kutokusema. Nirekebishe fomu, niambatanishe barua ya chuo cha Tanzania inayoeleza nafasi ile ni ya namna gani, kabla ya saa sita mchana kesho yake. Bila hivyo, ruzuku ndiyo basi.

Nikampigia Mwalimu papo hapo. Baada ya shikamoo nilieleza kwa kujikanyaga, na nakiri, moyoni nilitaka aseme lile lililo rahisi. Akalisema.

"Nilifute jina, mwanangu? Ni dakika moja tu."

Nilijua kabisa kwamba kulifuta sasa ndiko kungekuwa kuficha kwenyewe, na nikamwona pia akilini akiliondoa jina alilojivunia.

"Hapana, Mwalimu. Liache. Niandikie barua, useme kila kitu kilivyo."

Ijumaa nilipoamka, barua ilikuwa imeshafika. Niliangalia muhuri na saini tu, nikaituma na fomu mpya, nikaenda maabara kusubiri. Saa tano na nusu dada akajibu: imepokelewa, imekubaliwa, ruzuku inaendelea. Nilipiga kigelegele mpaka wenzangu wakadhani nimeungua. Nilimkumbatia kila aliyekuwa karibu, hata jamaa wa vifaa ambaye hatujawahi kuongea.

Kisha nikaketi na chai yangu, nikaifungua ile barua kuisoma kwa utulivu. Ilikuwa fupi. Mwalimu alitaja Jumamosi zangu, akataja somo, kisha akaandika: "Hana mkataba wala mshahara. Tulimpa cheo hiki kwa sababu hatukuwa na kingine cha kumpa."

Nililia pale pale, mbele ya watu.