Sifoni Iliyotoka Khunyangu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikianza sitasimama. Haya sikuambiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, katika nyumba niliyopanga Malaba miaka ya sabini nikipitisha mizigo ya malori mpakani.

Mke wangu Nabwire alikuwa na mimba ya miezi saba, nayo ilitishia kutoka. Daktari alimkataza hata kuvuka ua kwenda choo cha shimo. Cha ndani tulikuwa nacho, cha kuvuta mnyororo, lakini sifoni, ile mashine ya ndani ya tangi inayosukuma maji, ilikuwa imepasuka. Upande wetu sifoni haikupatikana, na ng'ambo, Uganda, maduka yalikuwa matupu. Nikamweleza Wandera, fundi wa mabomba, rafiki yangu wa chanda na pete, aliyesimama nami siku ya harusi.

Baada ya siku chache akaleta sifoni, imetumika lakini nzima. Akafunga maji, akaitoa ile mbovu, akakaza nati za hii na kuvuta mnyororo mara mbili. Maji yakashuka vizuri. Alikataa hata chai. Nilimshukuru mpaka machozi yakanilenga, mjinga mimi.

Kesho yake saa nane mchana nikamkuta mzee mlangoni, kofia mkononi, kidole cha shahada hana. Akasema amekuja kuangalia tangi la choo. Nilidhani ametumwa na Wandera, nikampeleka. Kabla ya kufunga mlango akanigeukia.

"Mwambie mama asiogope," akasema kwa upole. "Yeye sina maneno naye."

Nikasikia spana ikigonga chuma, kisha kimya. Nikabisha, nikaita, mwishowe nikausukuma mlango. Niamini, hapakuwa na mtu, na dirisha la choo kile halipitishi hata paka. Sifoni haikuwepo. Nati zilipangwa sakafuni juu ya kitambaa safi, kubwa hadi ndogo. Tangi lililokuwa limejaa maji sasa lilikuwa kavu, na sakafu kavu vilevile. Maji yalikwenda wapi? Mimi sijui hadi leo.

Nilimfuata Wandera kwake siku hiyohiyo. Nilipotaja kidole, akaketi chini. Yule alikuwa mjomba wake, fundi wa mabomba kule Khunyangu, aliyezikwa wiki ile. Sifoni Wandera aliichukua chini ya kitanda cha marehemu. Na kwetu kitu cha marehemu hakiguswi mpaka wafiwa wanyolewe nywele baada ya mazishi na wazee wagawe mali, la sivyo mwenyewe hukifuata. Wandera alilijua hilo tangu utotoni.

"Sasa mbona ukaleta kwangu, na Nabwire yuko vile?"

Hakunitazama. "Alikuja kwangu usiku wa kwanza akiiulizia, ndugu yangu. Niliogopa kukaa nayo."

"Si ungerudisha?"

"Watu wangejua ni mimi nilichukua."

Nabwire alijifungua salama, binti, naye sasa ana watoto wake. Kwa yule mzee sina kinyongo, alituonea huruma. Aliyenichoma moyo ni aliye hai. Mpaka leo choo changu namwagia maji kwa ndoo, na Wandera alipokufa sikwenda matanga.

Na wewe, mtu akikuletea kitu ulichokuwa ukikihitaji sana, usihangaike kumuuliza amekitoa wapi, maana atakudanganya. Muulize kwa nini yeye hakubaki nacho.