Matusi Niliyoyaruka

Wiki iliyopita niliitwa kwenda kusifiwa.

Daktari mmoja kijana, binti wa hapa Kindu, anaandika historia ya utabibu wa Maniema, mkoa wetu. Amepata baadhi ya barua ambazo madaktari wawili waliandikiana wakati wa vita, mmoja akiwa hapa, mwingine katika hospitali ya Tunda. Anazisifu sana: katikati ya taabu yote ile, watu wanaandikiana kwa adabu namna hii! Alitaka nithibitishe mwandiko wa zile zilizotoka Kindu, maana ni wangu. Mwandiko ni wangu kweli. Adabu nayo ni yangu.

Nilikuwa muuguzi mpya, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Daktari wetu alipoteza miwani tulipokimbilia msituni, na tuliporudi, bila miwani hakuweza kutofautisha barua na kitambaa cha kufungia kidonda. Basi yeye alisema, mimi nikaandika nyuma ya karatasi za kuandikia homa, na mtu wa baiskeli akapeleka Tunda. Kule kulikuwa na kwinini. Kwetu kulikuwa na wagonjwa tu.

Sasa, daktari wa Tunda alikuwa amemwoa dada wa daktari wetu. Mashemeji hutaniana, hilo nalijua, lakini mzee wangu huyo alikuwa na mdomo. Barua ya kwanza ilianza: "We muchinja-kuku, uliiba dada yetu kwa mahari ya mbuzi moja ya kukohoa." Ndipo akaomba kwinini. Nikajiuliza, nani anaomba huku anatukana, tena vitani? Nikaandika: "Ndugu mpendwa na mheshimiwa." Kwinini ikaja. Nikaendelea hivyo hivyo.

Mwanzoni majibu ya Tunda nayo yalikuwa na matusi ya kutosha. Nikimsomea mzee, niliyaruka. Baadaye yule wa Tunda akaanza kuandika kwa heshima, nami nikajisifu kimoyomoyo kwamba nimewapatanisha. Mzee wangu akazidisha makali, kisha kila mara akauliza, "Amejibu nini?" Nilimsomea heshima tupu, naye akaniomba nisome tena. Homa ikamchukua kabla vita havijaisha.

Nilipofika kwa yule binti, nilimkuta daktari wa Tunda mwenyewe ameketi, mzee sana sasa, barua ziko mezani mbele yake. Nikaungama yote kabla hata sijapewa chai. Binti akanitazama kama niliyechana kitabu chake. Mzee wa Tunda hakufoka.

"Mama," akasema, "shemeki akikuandikia na heshima, njo kusema amekukasirikia. Nilifikiri bibi yangu, dada yake, alinishitaki kwake. Na miye nikamurudishia heshima yake. Miaka yote hii najua alikufa na kasirani juu yangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimewagombanisha watu wawili waliopendana, kwa maneno mazuri, na mmoja alikufa hajui.

"Barua ya mwisho, alisema nini kweli?" akauliza.

"Alisema mishono yako ni ya gunia la mihogo, papa. Akipona atakuja Tunda kukufundisha kushona, na akukute umeoga."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke tu.

"Ingine," akasema. "Unipe zote."

Nikavuta kiti karibu. Sikuwa nimesahau hata tusi moja.