Mshauri Asiyeniuliza Ukoo

Kwetu Lushoto shikamoo ni mwanzo tu wa salamu. Utaulizwa wa wapi, mtoto wa nani, umeolewa kwa nani, na hawakuachii mpaka waone mnapokutana kiukoo. Naipenda desturi hii, na ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa nimechelewa kuzaa. Nilipompata mwanangu nikapata na hofu ambayo sikuweza kuitaja. Nyumba yetu iko ubavuni mwa mlima, upande wa Irente, na njia ya kutokea barabarani inapita ukingoni mwa korongo. Kila nilipopita pale na mtoto, wazo lilinijia kwamba mikono yangu itamwachia. Sikutaka kumwachia, jamani. Lakini wazo likija, moyo unapiga mpaka masikio yanaziba. Nikaanza visingizio, leo mgongo, kesho kifua. Mama mkwe akawa ndiye anayembeba, mimi nafuata nyuma na kapu, watu wanasema nadeka.

Nesi wa kliniki aliona ninavyotetemeka nikimweka mtoto kwenye mizani, akanielekeza kwa mshauri nasaha, mama mtu mzima, mpole. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kwetu. Nami mwanamke niliyelelewa nikamwaga yote, ukoo wa baba, ukoo wa mama, nilikoolewa. Akafurahi kweli, maana baba mkwe wangu ni binamu yake.

"Basi wewe ni mkwe wangu," akasema.

Sasa nimwambie mama mkwe huyu mpya kwamba naogopa kumtupa mjukuu wake korongoni? Nani anathubutu? Tukazungumzia maharage na mvua. Nikasema silali vizuri, akaniombea, nikaondoka. Njiani nilikuwa na hasira za kutosha. Nimekwenda kutafuta tiba, nimeongezewa mkwe.

Nesi alicheka nilipomsimulia, kisha akaniambia yupo mwingine, kijana kutoka Kanda ya Ziwa, hana ndugu hata mmoja huku. Nilichukia. Mwanamume, tena kijana, atajua nini cha uzazi? Nikaenda hivyo hivyo, kwa sababu mwanangu alikuwa ameanza kunyamaza upesi kwa bibi yake kuliko kwangu, na hilo liliniuma kuliko hofu yenyewe.

Kijana akaniamkia shikamoo. Nikajibu marahaba, na papo hapo nikawa mkubwa wa chumba kile. Utaliaje mbele ya aliyekuamkia? Niliongea upuuzi mwingi nikingoja aniulize ukoo, majibu yako tayari mdomoni. Hakuuliza.

"Mama, unaogopa nini?" akasema.

Nikamwambia. Nilisema kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyeniletea hofu ile, nikamtajia njia, korongo na mikono yangu. Kisha nikangoja ainuke akamwite mtu. Hakuinuka. Aliuliza kama natamani mtoto aumie, nikamjibu Mungu apishe mbali. Aliuliza kama kuna siku nimewahi kumwachia. Hakuna. Akanieleza kwamba mawazo ya namna ile huwajia akina mama wengi, kwamba wazo si kitendo, na kwamba tutalishughulikia polepole. Nilimsikia nusu nusu.

Mwishoni akasema wiki ijayo nije na mtoto. Nikasema sawa, bibi yake atamleta.

"Hapana, mama. Umbebe wewe."

Yaani nilitaka kumtukana. Huyu hajasikia nilichosema? Kusema kweli, hasira ile ilikuwa woga mtupu.

"Kwa hiyo unaniamini naye?" nikamuuliza.

"Nakuamini."

Siku ilipofika nikamwomba mama mkwe anipe mtoto. Alinitazama, akafungua kanga. Nikamfunga mgongoni, nikakaza fundo, nikalikaza tena, nikashika njia. Pale ukingoni wazo likaja kama kawaida yake. Moyo ukaanza kupiga, nikaendelea kutembea. Niliogopa mpaka tukafika barabarani, na mwanangu alikuwa amelala.