Chungu Ambacho Shangazi Honorata Hakukionja

Watu wakisema shangazi yangu Honorata ana roho mbaya, sibishani nao. Anayo, na waliompa ni wao.

Amezeekea kijijini kwetu, ufukweni mwa ziwa, kaskazini ya Kibirizi, akianika dagaa. Ni mjane, mkali wa maneno, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni. Kwa wajinga, macho mekundu ni ushahidi tosha wa uchawi.

Mwaka juzi mtoto wa jirani yake Elikana alifariki kwa homa. Elikana akawachangisha vijana, wakawaleta kamchape, wale wasaka wachawi wanaozunguka vijijini na ngoma zao wakifukua sakafu za watu. Wakaingia chumbani kwa shangazi mchana kweupe, wakachimba, wakatoka na pembe la ng'ombe lililofungwa nywele. Uchawi huo! Hakuna aliyemuuliza mwenye nyumba neno lolote. Nyumba ikatiwa moto, na shangazi akasimama mchangani na khanga aliyovaa tu, akiitazama inateketea. Hakutoa chozi.

Binamu zangu walitaka kwenda kuichoma nyumba ya Elikana. Walishabeba dumu la petroli ya mashine ya mtumbwi. Shangazi aliwapokonya.

"Mkichoma, kesho yeye ndiye mlalamikaji," aliwaambia. "Mimi namtaka awe mshtakiwa."

Tukaenda polisi, kisha kwa Frida, msaidizi wa kisheria wa Buzebazeba. Frida alitueleza kwamba kumwita mtu mchawi ni kosa, na kwamba Katiba haimruhusu yeyote kumtendea mtu kama mkosaji kabla hajathibitishwa kuwa na hatia. Maneno matamu, lakini mashahidi wako wapi? Kijiji kizima kilikuwepo, na kijiji kizima hakikuona kitu. Waoga wakubwa!

Ukoo wa Elikana ndio uliotusaidia, bila kujua. Kwetu, aliyekosa huleta chungu cha pombe ya ndizi, akataja kosa lake lote mbele ya watu bila kuficha. Aliyekosewa akishika mrija akanywa, neno limekwisha, na hata polisi huambiwa tumeshayamaliza nyumbani. Basi wakaja, wamevaa vizuri, wana uhakika mama mzee atakunywa. Shangazi alikuwa amemkalisha Frida kando yake.

"Shikamoo, mama," Elikana alisema.

Shangazi hakuitikia.

"Nilikosa, mama. Mimi ndiye niliyewaita kamchape."

"Na pembe?"

"Walikuja nalo. Nililiona kwenye mfuko wao kabla hawajaingia kwako."

"Na moto?"

Elikana aliinama. "Niliuwasha mimi."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Mimi ndiyo kwanza naanza," alisema shangazi. Akainuka, akaenda kugeuza dagaa wake. Wazee wakabaki na mirija mikononi, na mimi nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Wakasema ametukana mila. Mila gani hiyo, inayomkumbuka mchomaji na kumsahau aliyechomewa? Kesi ikafunguliwa, na Frida akatoa ushahidi wa aliyoyasikia. Hata Mzee Jeremia, baba mdogo wa Elikana aliyekuwepo siku ya chungu, aliitwa mahakamani, akala kiapo, akasema kweli huku akiangalia chini.

Siku ya utetezi shangazi alikaa benchi la mbele. Elikana alisimama kizimbani. Hakimu alimweleza taratibu kwamba ana haki ya kujitetea, ya kuita mashahidi, hata ya kunyamaza. Akamuuliza kama ameelewa. Elikana aliposita, akatafutiwa mkalimani wa Kiha, lugha ya kwetu, akaelezwa yote upya. Kisha hakimu akaweka kalamu chini, akamsubiri aseme.

Nikasikia kwikwi kando yangu. Shangazi, ambaye hakulia nyumba yake ikiungua, alikuwa analia mpaka mabega yanatikisika.

"Shangazi, unamhurumia huyu?" nilimnong'oneza, nimekasirika.

"Nimhurumie kwa lipi? Nalia kwa sababu ameulizwa. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu, na hakuna aliyeniuliza hata jina."

Siku ya hukumu hakulia tena. Elikana alisomewa miaka saba, na shangazi akaguna, akaniuliza kwa sauti kubwa, mahakama nzima ikisikia, kama miaka hiyo haiwezi kuongezwa.