Chachu Iliyokwenda Angani

Mwoka mikate wa mtaa ule waliyemwita Bwana Usingizi hakuwa mvivu, msije mkamsingizia. Mtu anayewasha tanuri wenzake wakikoroma ana haki ya kusinzia mchana, naye alisinzia popote: kwenye gunia la unga, kwenye kaunta, hata akiwa wima mbele ya mteja. "Mwacheni," majirani walitania, "ameshapaa."

Utani ukanoga zaidi binti yake aliposhinda shindano la sayansi la shule. Swali lake lilikuwa jepesi mpaka walimu walicheka: mapovu ya unga unaoumuka hupanda juu, je, mahali pasipo na juu wala chini, yataelekea wapi? Waliocheka ndio hao hao waliolipeleka swali kwenye kituo cha anga.

Chachu ya jaribio ilikuwa ya marehemu mama yake. Aliianzisha kwa unga na maji tu, akailisha kila siku kama mtoto mchanga, akaiacha ndani ya bakuli rafuni. Tangu afariki, mumewe ndiye aliyeilisha. Kila alipofunua kitambaa akanusa ule uchachu, alihisi kama mkewe ametoka chumbani sasa hivi.

Kijiko kimoja kilikaushwa, kikagawanywa katika mirija miwili ya plastiki. Mmoja ukapaa, pacha wake ukabaki maabara ya shule ili walinganishe. Kila mrija ulikuwa na vibanio viwili. Cha kwanza kikifunguliwa, maji huingia na chachu huamka. Cha pili huachia dawa, chachu ikafa papo hapo, mapovu yakaganda yalipo ili watu wayachunguze. Siku mwanaanga alipofungua cha kwanza, darasa nalo likafungua cha kwao.

Kesho yake palikuwa na baridi. Bwana Usingizi akaingiza bakuli ndani ya tanuri lililozimwa ili chachu ipate joto, akajiegemeza guniani. Akaota mkewe anaelea kule juu, anafukuza kitambaa cha kufunikia unga, kitambaa kinamkwepa, na yeye na mkewe wanacheka pamoja. Alizinduka bado anatabasamu, akawasha tanuri kama kawaida yake. Harufu ndiyo iliyomshtua.

Alitoa ganda jeusi, akakaa sakafuni akalia. Maji yakimwagika hayazoleki. Alinunua hamira dukani, akaoka, na hakumwambia mtu. Binti alitafuna mkate ule polepole, akasema, "Ahsante, baba," akaenda shule.

Siku ya dawa wazazi walialikwa maabara. Bwana Usingizi alikwenda ameshaapa moyoni kwamba ataomba ile chachu pacha isiuawe. Tone lake moja lingetosha kulijaza bakuli upya. Kwenye mrija mapovu yalikuwa yakipanda taratibu, moja baada ya jingine, naye aliyatazama mpaka akasahau yuko wapi.

"Mwanaanga yuko tayari," mwalimu alisema. "Sisi tukichelewa, hakuna ulinganisho tena."

Binti alishika kibanio, asikifungue. Akamgeukia baba yake, machozi yakimlengalenga.

"Baba, nifungue?"

Darasa lilishangaa. Jaribio ni lake, ruhusa ya nini tena? Baba peke yake ndiye aliyeelewa. Kumbe mkate ulishamwambia binti siku ile ile, naye akanyamaza asije akamtia baba yake aibu. Angeambiwa asifungue, asingefungua, na swali lake lingefia hapo hapo mezani.

Akasogea mezani, akasimama kando yake.

"Fungua, mwanangu."

Kibanio kikalia ta. Mapovu yakasimama. Huko angani, wakati huo huo, mengine nayo yalisimama, yakiwa yameelekea kusikojulikana bado.

Walirudi nyumbani kwa miguu, na mchana ule, kwa mara ya kwanza, mwoka mikate hakuwa na usingizi hata chembe.

"Niliiunguza mimi," alisema.

"Najua, baba. Mkate wa siku ile haukuwa na mama ndani."

Alimshika mkono binti yake, hakuuachia mpaka mlangoni. Jioni binti alikoroga unga na maji ndani ya bakuli jipya, akalifunika kwa kitambaa safi, akaliweka kwenye rafu ya juu kabisa, mbali na tanuri.